Nilivunjika mguu, taa ikavunjika

Juzi hapa Kondele, kijana wa bodaboda ambaye hunibeba asubuhi alifika stejini akijikokota kwa magongo. "Mwalimu, gari lilinigonga," akasema. "Taa ya pikipiki ikavunjika, mimi nikavunjika mguu."

Mimi hufundisha falsafa hapa Kisumu, na sentensi hiyo ningeipa kipindi kizima. Hakusema "nilivunjika taa". Angetaka kujitaja kwenye habari ya taa, angesema "nilivunjikiwa taa": hasara imempata mwenye mali. Lakini kwa mguu, aliyevunjika ni yeye.

Sasa mlete Descartes, mwanafalsafa Mfaransa. Mwaka 1641 alichapisha hoja kwamba nafsi ni kitu kinachofikiri, kisichochukua nafasi popote, na mwili ni kitu kingine kabisa. Mei 1643 Elisabeth, binti wa kifalme wa Bohemia, akamwandikia kumuuliza: nafsi isiyogusa chochote huusukumaje mwili? Descartes akaishia kusema nafsi na mwili hukutana kwenye tezi moja ndogo ndani ya ubongo, kana kwamba udogo wa mlango unaeleza jinsi mtu anavyopita. Na ni yeye mwenyewe aliyekiri kwamba hakai mwilini kama baharia chomboni!

Strawson, mwanafalsafa Mwingereza, alilishika swali upande mwingine mwaka 1959. Kwake, mtu hatengenezwi kwa kuunganisha nafsi na mwili. Tunaanza na mtu, na ni huyo huyo tunayesema ana kilo 70 na ana huzuni. Wajaluo darasani hawakushangaa. Kwa Kijaluo, chuny ni ini la buchani, na chuny ndiyo nafsi inayohuzunika.

Ila nawaonya wasikimbilie kusema lugha imethibitisha hoja ya Strawson. Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda, alijaribu kuchimba falsafa nzima kutoka sarufi ya Kinyarwanda mwaka 1956, na wakosoaji hawakumwacha. Isitoshe, kwa Kifaransa mtu husema amejivunja mguu, na Kifaransa hicho hakikumzuia Descartes kuwa Descartes.

Basi nikamchokoza kijana: "Kwa hiyo wewe ni mguu?"

"Hapana, mwalimu. Hata wakiukata, nitabaki mimi."

Hapo alinibana, maana Descartes naye angeshika hoja hiyo hiyo. Nikamuuliza, na wakiukata, atakayekuwa amekatika mguu ni nani?

"Si ni mimi," akasema, akanipa gongo moja nimshikie apande nyuma ya mwenzake.