Pawa saplai ya wati 850 haili wati 850

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mwanza. Amedunduliza miaka miwili, na sasa anataka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu, kipande kwa kipande, iwe nzuri na ikae naye miaka mingi. Akanisomea orodha: prosesa Ryzen 7 9800X3D, kadi ya michoro RTX 5080, ram ya GB 32, SSD (diski ya kuhifadhia) ya TB 2, mazabodi ya AM5 ya kuunganishia vyote. Orodha ya mtu aliyesoma na kutulia. Kisha akafika kwenye pawa saplai, kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vipande vingine vyote: wati 550.

Nikamuuliza kwa nini 550.

"Mjomba, dukani wamesema ya 850 inakula umeme sana. Na mama ameshaanza kulalamika kuhusu umeme wa LUKU kabla hata sijainunua."

Sikumlaumu. Ila hii ni mara ya nne mwaka huu nasikia sentensi hiyohiyo: dukani, kwa fundi, kwa jirani, na sasa ndani ya ukoo. Mtu anaweka pesa yake yote kwenye kadi na prosesa, halafu anaviwekea pawa saplai ndogo kwa kuogopa bili ambayo haipo. Kosa lote limeanzia kwenye neno moja, wati, na kitenzi tulichokizoesha kukaa nalo, kula.

Maana yenyewe ni fupi. Wati ni kipimo cha kasi ya nishati: joule moja kwa kila sekunde. Namba ya wati ikiandikwa kwenye kitu kinachotumia umeme, kama balbu, pasi au jagi la kuchemshia maji, inakuambia kitu hicho kinavuta kiasi gani kikiwa kazini. Ikiandikwa kwenye kitu kinachogawa umeme, kama jenereta, transfoma au pawa saplai, inakuambia kiwango cha juu kinachoweza kutoa. Hakuna mtu aliyekodi jenereta ya kilowati 5 kwa ajili ya harusi, akawasha balbu tatu, akadhani zile balbu zimevuta kilowati 5. Lakini jenereta hilo ukiliita pawa saplai na kulificha ndani ya kesi ya kompyuta, watu wenye akili timamu wanaamini hivyo.

Chanzo cha mkanganyiko si ujinga. Sisi wengi tulifundishwa neno hili na balbu. Balbu ya wati 60 na ya wati 100 zilining'inia sebuleni kwetu, na kila mtoto alijua ya 100 inaangaza zaidi na inamaliza umeme haraka. Kwenye balbu ile, namba na ulaji ni kitu kimoja kweli. Tukaichukua kanuni ya balbu tukaipeleka mahali isipohusika.

Ukirudi nyuma hadi kwa mwenye jina, utaona maswali haya mawili yalikuwa mbalimbali tangu mwanzo. James Watt alizaliwa Greenock, Uskoti, mwaka 1736. Hakubuni injini ya mvuke, maana ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini kabla yeye hajazaliwa. Alichofanya ni kuipunguzia ulafi. Injini ya Newcomen ilipoza na kupasha moto silinda ileile kila mzunguko, na makaa ya mawe yakateketea bure. Watt akautoa mvuke ukapozwe kwenye chombo cha pembeni, akapata hataza ya wazo hilo mwaka 1769. Yeye na mshirika wake Matthew Boulton walipopeleka injini kwenye migodi ya Cornwall, malipo yao yalikuwa theluthi moja ya thamani ya makaa ambayo mteja aliokoa akilinganisha na injini ya zamani. Hilo ni swali la kwanza: mashine inakula kiasi gani?

Baadaye wakaja wateja waliokuwa wakisaga kwa farasi. Hawa hawakuwa na makaa ya kulinganisha. Walichotaka kujua ni injini itachukua nafasi ya farasi wangapi. Watt akapiga hesabu za farasi anayezungusha gurudumu la kinu, akaweka kiwango cha pauni-futi 33,000 kwa dakika, ambacho leo tunakiandika kama wati 746 hivi. Hilo ni swali la pili: mashine inaweza kutoa kazi kiasi gani? Makaa upande mmoja, farasi upande wa pili, wala yeye hakuyachanganya hata siku moja, kwa sababu angeyachanganya angefilisika. Watt alifariki mwaka 1819. Mwaka 1882, William Siemens, akihutubia wanasayansi wa Uingereza waliokutana Southampton, ndiye aliyependekeza kipimo cha umeme kiitwe kwa jina la Watt. Kuanzia hapo kipimo kimoja kikawa kinajibu maswali yote mawili, na namba peke yake haikuambii inajibu lipi. Lazima uangalie imeandikwa wapi.

Kiswahili kililipokea neno likiwa limekwisha kubeba mzigo huo. Na sisi tukaongeza wetu, maana neno "nguvu" kwetu ni pana mno: nguvu ya mwili, nguvu ya dawa, nguvu ya chombo. Mwalimu wa sayansi akisema "nishati", neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya uchangamfu, anajaribu kututenganishia. Nishati ndiyo tunayoinunua. Uniti moja ya LUKU ni kilowati moja iliyotumika kwa saa moja. Na hebu litazame jina lenyewe la LUKU: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Utumiavyo, si uwezavyo kutumia. Jibu la mpwa wangu limo ndani ya herufi nne ambazo mama yake anazitaja kila wiki.

Watu wa Pwani wana neno linaloweza kusaidia zaidi. Upawa, wingi wake pawa, ni ile kata ya kifuu cha nazi ya kupakulia mchuzi. Halina undugu na pawa ya pawa saplai, yamefanana kwa sauti tu, lakini mfano wake unakaa vizuri. Upawa mkubwa haumfanyi mtu ale zaidi ya njaa yake. Ukubwa wake ni kiasi unachoweza kupakua kwa mkupuo mmoja. Wenye njaa wakiwa wachache, unachota nusu. Wakija wengi kwa pamoja na upawa wako ni mdogo, hapo ndipo shughuli inaharibika. Pawa saplai hufanya kazi hivyohivyo: wanaokula ni prosesa, kadi, feni na SSD, na yenyewe inapakua.

Turudi kwenye orodha ya Mwanza. Nvidia, watengenezaji wa kadi, wameiandika RTX 5080 wati 360, nao wanapendekeza pawa saplai ya wati 850. Prosesa ya 9800X3D imeandikwa wati 120 kwenye boksi, lakini AMD, watengenezaji wake, wanairuhusu kuvuta hadi 162, kwa sababu ile 120 ni namba ya joto, imewekwa kumsaidia mtu kuchagua kipozeo. Ongeza mazabodi, ram, SSD na feni, tuseme wati 70. Siku kila kitu kikivuta mwisho wake unakaribia 600. Ile pawa saplai ya 550 imeshashindwa kwenye karatasi, kabla hata ya kuchomekwa.

Karatasi nayo haisemi yote. Kadi za michoro za siku hizi hazivuti umeme kwa utulivu. Ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde zinaweza kuruka juu kupita wati zilizoandikwa, kisha zikashuka. Ndiyo maana kanuni za utengenezaji wa pawa saplai ziitwazo ATX 3.0, zilizotolewa mwaka 2022, na ATX 3.1 iliyofuata, zinataka pawa saplai yenye plagi mpya ya kadi ihimili mruko wa hadi mara mbili ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Pawa saplai ya zamani au iliyobanwa sana hukutana na mruko huo ikajizima kwa kujilinda. Unacheza, skrini inakuwa nyeusi, kompyuta inawaka upya, na fundi anaanza kubadilisha ram isiyo na kosa.

Sasa bili. Kwenye gemu nzito, prosesa hiyo haifiki 162 mara kwa mara, kwa hiyo tuseme vipande vyote kwa pamoja vinakula wati 450. Pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta ukutani wati 500 ili kutoa hizo 450, na zile 50 zinageuka joto. Iwe ya 850 au ya 1000, kama ufanisi ni uleule, ukutani utasoma 500 zilezile. Kompyuta ikiwa imewaka tu bila kazi, kubwa kupita kiasi inaweza kupoteza wati chache zaidi, kwa sababu ufanisi hushuka mzigo ukiwa mdogo mno. Wati chache, si mamia. Hilo tu ndilo lenye ukweli katika maneno ya dukani.

Nikizungumzia ufanisi, kuna neno la pili linaloniuma, lile linaloandikwa kwenye boksi la pawa saplai: Gold. Ni ngazi mojawapo ya alama ya ufanisi iitwayo 80 Plus, ambayo ilianza Marekani mwaka 2004, na hapo mwanzo ilikuwa na ngazi moja tu: ufanisi usipungue asilimia 80 kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Ndiyo asili ya jina. Bronze, Silver na Gold zilikuja baadaye, Platinum na Titanium zikafuata. Zote zinapima kitu kimoja, umeme kiasi gani haupotei. Hazipimi ubora wa kapasita (vijipande vya ndani vinavyotunza chaji ya umeme), wala kinga, wala miaka itakayodumu. Tena kipimo hufanyika kwenye chumba cha nyuzi 23 za Selsiasi. Sijui chumba cha kijana wa Mwanza au Dar es Salaam chenye nyuzi 23 saa nane mchana. Kwa anayetaka kompyuta ya kudumu, cha kuuliza ni kama kapasita ni za kuhimili nyuzi 105, kwa sababu kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto linalopungua huongeza umri wa kapasita karibu mara mbili. Pawa saplai kubwa kuliko mzigo wake haichemki sana, na feni yake haipigi kelele. Uliza pia dhamana. Pawa saplai za Corsair RMx na Seasonic Focus GX zinakuja na dhamana ya miaka 10. Mtengenezaji anayeahidi miaka 10 amepiga hesabu zake.

Katika orodha ile nzima, hiki ndicho kipande ambacho kina nafasi kubwa ya kuingia kwenye kompyuta yake ya pili. Kadi itachakaa kwa gemu mpya, prosesa itapitwa. Pawa saplai nzuri itahama naye. Akihama nayo, ahame na nyaya zake zote, maana upande unaoingia kwenye pawa saplai hauna mpangilio mmoja kwa watengenezaji wote. Waya wa kampuni nyingine unaweza kuingia vizuri kabisa na ukaunguza SSD yenye picha za familia.

Na akinunua UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ambayo kwa umeme wetu ataihitaji, asome tena imeandikwa nini. Nyingi zinauzwa kwa VA, yaani volti mara ampea, na VA si wati. UPS ya 1000 VA mara nyingi inatoa wati 600 tu. Tena hapo hesabu inafuata kile kompyuta inachovuta, si namba ya kwenye pawa saplai.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema pawa saplai ya 850 inakula umeme, usimcheke. Mbadilishie kitenzi: inaweza kutoa 850. Ndivyo nilivyomwambia mpwa wangu, naye akakaa kimya kidogo, kisha akauliza sasa mama amwambie nini.

Nikamwambia mama asitajiwe namba ya kwenye boksi, atajiwe saa za kucheza. Saa mbili za gemu nzito, bila kuhesabu skrini, ni uniti moja.