Eti teja haanguki? Maswali kuhusu utani tunaowafanyia waraibu wa unga

Klipu yenyewe huenda umeshaiona, maana kila baada ya muda huja nyingine inayofanana nayo. Kijana amesimama kituo cha daladala, magoti yamekunjika, kiuno kimepinda, kichwa kinashuka taratibu mpaka kinakaribia lami. Mkononi ana kikombe cha kahawa ambacho hakijamwagika hata tone. Nyuma ya simu watu wanabishana: "Anaanguka!" "Haanguki huyo, teja haanguki!" Wanacheka, klipu inakatika. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi nikienda kutoa elimu ya afya mitaani hapa Dar es Salaam, na mengi huanza na kicheko.

Kwani ni kweli teja haanguki?

Anaanguka sana tu, na wengine huungua na sigara iliyosahaulika vidoleni. Ila klipu ya mtu aliyepasuka kichwa haichekeshi, kwa hiyo hairushwi.

Heroini, yaani huo unga, ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa saratani kutuliza maumivu. Inapoza ubongo, mtu anabaki katikati ya usingizi na kuamka. Wewe mwenyewe hali hiyo unaijua: daladala la alfajiri, shingo inalegea, kidevu kinagusa kifua, ghafla unashtuka na kujiweka sawa. Tofauti ni kwamba wewe ukitikiswa unaamka, naye kinachomlaza ndicho pia kinachopunguza pumzi zake.

Nitajuaje kama amesinzia tu au yuko hatarini?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mwenye simu aliulize kabla ya kubonyeza kurekodi. Mwite kwa sauti, mtikise bega, msugue kifuani kwa vifundo vya ngumi. Akiguna, akifumbua macho au akikutukana, ni salama kwa sasa, ila usimwache peke yake. Asipoitikia, angalia kifua. Mtu mzima huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukihesabu taratibu mpaka kumi kifua hakijapanda, huyo amezidisha dozi. Dalili nyingine ni mboni za macho zilizosinyaa kama tundu la sindano, midomo na kucha kubadilika kuwa za kijivu au bluu, na mkoromo wenye maji kooni. Mkoromo huo umewapoteza wengi, kwa sababu waliokuwa karibu walisema "mwacheni alale, si mnasikia anakoroma".

Tafuta usafiri wa hospitali mara moja. Wakati unasubiri, inua kidevu chake, mbane pua, mpulizie pumzi moja mdomoni kila baada ya sekunde tano hivi. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimnyweshe maziwa wala kumdunga maji ya chumvi, hayo hayasaidii kitu. Hospitalini kuna naloksoni, dawa inayoing'oa heroini pale iliponata kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzinduka ndani ya dakika chache. Hata akizinduka asiondoke haraka, maana naloksoni huisha nguvu mapema na pumzi zinaweza kushuka tena.

Lakini wanatuibia! Juzi wamebeba sufuria la maharage likiwa jikoni. Tusicheke?

Kuibiwa kunauma na sikuambii ufurahi. Nataka tu ujue aliyebeba sufuria alikuwa anakimbia nini. Ni mateso ya kukosa unga, wao wanaiita arosto. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho: miayo isiyoisha, machozi na kamasi, vinyweleo vinasimama, kisha tumbo linasokota, kuharisha, kutapika, mifupa inauma kana kwamba inapondwa kwenye kinu. Hukolea siku ya pili na ya tatu, hupungua ndani ya wiki moja. Kwa kuwa kete moja, yaani kipakiti kimoja cha unga, haimfikishi mbali, analazimika kutafuta nyingine mara kadhaa kwa siku, na miaka ikienda hatafuti tena stimu, ile raha ya unga, anatafuta kuamka bila maumivu. Yule anayekufuata stendi, "kaka, niokoe na jero", pua ikimtoka, ndiyo hali aliyonayo. Wachekeshaji wanaiga kamasi hilo vizuri kweli.

Mbona walevi tunawacheka tangu zamani na hakuna anayelalamika?

Labda tungelalamika. Kuna kichekesho cha mlevi aliyeacha pombe siku mbili, sasa anafukuza panya ukutani ambao hawapo. Hiyo ni dharura. Mnywaji mkubwa wa miaka mingi akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege, kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, hasa kati ya siku ya pili na ya nne, na bila matibabu hali hiyo inaua. Arosto ya unga inatesa zaidi kwa kuitazama, lakini ni nadra iue yenyewe. Mhofieni zaidi huyo wa panya.

Methadoni si unga wa serikali tu?

Utani huu nimeusikia hata kwa watu wenye elimu zao. Methadoni, dawa wanayopewa waraibu ili waache unga, ni ya kundi moja na heroini, hilo kweli. Lakini inanywewa kama sharubati, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na inakaa mwilini saa 24 au zaidi. Dozi ikishapatikana vizuri, mtu hapati arosto wala stimu, hana haja ya sindano, na anaweza kushika kazi. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine, na Zanzibar pia. Inatolewa bure. Kinachowashinda wengi ni foleni ya asubuhi: bodaboda wanapita wakipiga kelele "mateja hao!" Siku ya kwanza anavumilia, ya tatu harudi.

Kwa hiyo utani wote ni mbaya?

Hapana. Kaa na waliopona kwenye nyumba za kurekebisha tabia, utacheka mpaka machozi. Nimesikia mmoja akisimulia alivyoiba kioo cha gari lililokuwa na mwenyewe ndani. Wanajicheka wao, tena wakiwa na akili zao timamu. Kijana wa kituoni hakuulizwa.

Mwanangu amerekodiwa hivyo, na klipu imefika hadi grupu la ukoo. Nifanye nini?

Pole, mama. Mwambie aliyeirusha kwenye grupu aifute, na umtajie jina la mwanao, kwani huenda hakumtambua. Kisha usianze na fimbo wala na kikao cha ukoo. Akiwa kwenye stimu hakusikii, akiwa kwenye arosto anasikia kete tu. Tafuta muda wa katikati, mara nyingi ni mfupi, umuulize kama amechoka. Wengi wamechoka muda mrefu, hawajaulizwa.

Ndugu watakushauri umfungie chumbani mpaka imtoke. Naomba uwe mwangalifu. Akikaa wiki mbili bila kutumia, iwe chumbani au mahabusu, mwili unasahau ule uzoefu wa kuhimili dozi kubwa. Akitoka na kurudia kiasi chake cha zamani, ndicho kinachomuua. Kama ameshakaa hivyo, mwambie wazi hatari hiyo, hata kama unaona kama unamruhusu.

Kuingia kliniki ya methadoni huwa kuna hatua za kuandikishwa na ushauri nasaha kabla ya dozi ya kwanza, kwa hiyo msikate tamaa mkiambiwa mrudi kesho. Waombe wampime pia virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu, hasa kama amekuwa akijidunga. Nenda naye asubuhi mapema, mbebee maji na kitu cha kula, na mkifika kwenye foleni simama upande wa barabara, yeye awe upande wa ukuta.