Bustani ya Kenrokuen, Kanazawa, Japani: yanayosemwa na ukweli wake

“Ni mandhari ya asili, mtu amepunguza matawi tu.”
Sivyo. Ndani ya hekta zake 11 na ushei, hata kinachoonekana kama kazi ya mvua ni kazi ya mikono. Mfano ni msonobari uitwao Neagari-no-matsu, wenye mizizi zaidi ya 40 iliyo nje, kimo cha mita 2 hivi. Wageni hudhani udongo umemomonyoka. Kumbe mti ulipandwa juu ya kichuguu cha udongo, na mizizi ilipokwisha kushika chini, udongo ukaondolewa makusudi. Ukoo wa watawala wa Maeda ulianza kuitengeneza bustani hii mwaka 1676, na wananchi wakafunguliwa milango rasmi mwaka 1874.

“Zile kamba zinazofungwa kwenye misonobari wakati wa baridi ni pambo.”
Zinapendeza, hilo halina ubishi, lakini zipo kwa sababu ya uzito. Upepo wa baridi kutoka bara la Asia hupita juu ya Bahari ya Japani, hubeba unyevu, kisha huumwaga Kanazawa kama theluji iliyolowa, nzito. Msonobari haupukutishi majani wakati huo, kwa hiyo theluji hupata pa kukaa, na tawi refu lililolala huvunjika.

Kinga yake huitwa yukitsuri. Nguzo husimamishwa kando ya shina, ikapita kilele. Kutoka juu yake kamba hushushwa pande zote kama mbavu za mwavuli, kila moja ikafungwa kwenye tawi lake. Msonobari wa Karasaki, kando ya bwawa la Kasumigaike, peke yake huchukua nguzo 5 na kamba zipatazo 800. Kazi huanza kwa mti huo tarehe 1 Novemba, huendelea hadi katikati ya Desemba, na kamba huanza kufunguliwa tarehe 15 Machi. Anayefika Aprili akizitafuta amechelewa.

“Ile chemchemi inayorusha maji ina pampu.”
Haina. Bwawa la Kasumigaike liko juu zaidi, na maji yakishuka kwa bomba husukumwa na shinikizo lake yenyewe hadi yaruke mita 3.5 hivi. Ndiyo maana kimo hakilingani kila siku: maji ya bwawa yakipungua, chemchemi nayo hushuka. Ukiiona fupi usidhani imeharibika.

Maji yenyewe huja kwa mfereji wa Tatsumi, uliochimbwa mwaka 1632, mwaka mmoja baada ya ngome ya Kanazawa kuungua. Haja ya kwanza ilikuwa ngome. Bustani ilirithi tu.

“Bustani ya mji ni bure.”
Kwa saa za kawaida mtu mzima hulipa yeni 300 na ushei. Kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Miezi mingine saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ila kuna mlango wa bure ambao watalii wengi hawaujui: alfajiri, kwa malango ya Renchimon na Zuishinzaka tu, kwa saa zinazobadilika kufuata msimu. Sharti ni kutoka dakika 15 kabla ya muda wa tiketi kuanza. Kwa maoni yetu huo ndio wakati bora: makundi ya mabasi hayajafika, na taa ya mawe ya Kotoji, yenye miguu miwili isiyolingana, haihitaji kupangiwa foleni ili kuipiga picha.

“Kukanyaga kuvumwani hakudhuru, ni kama nyasi.”
Kuvumwani, lile zulia la kijani chini ya miti, haina mizizi ya kweli. Kiatu kikiteleza huibandua vipande vipande, na pengo hilo huchukua muda mrefu kuziba. Pita njiani. Njia nyingi ni za kokoto, kwa hiyo acha viatu vya visigino virefu, na sanduku la magurudumu liache kwenye makabati ya stesheni. Basi kutoka hapo ni kama dakika 20.