Kuonekana Kwanza Si Kuzaliwa

Kila ramani ya koo za virusi vya korona inapotolewa, swali la kwanza ninaloulizwa ni mji gani ulioizaa aina mpya, na anayeuliza huwa amekwisha kujijibu: ni ule uliotoa sampuli ya kwanza. Naandika kwa sababu wanaonyooshewa kidole ni wakazi wa mji ambao kosa lao pekee ni kuwa na maabara inayofanya kazi.

Tarehe ya sampuli ya kwanza hueleza ni lini na wapi tulitazama. Afrika Kusini iliiarifu WHO tarehe 24 Novemba 2021 kuhusu aina ambayo siku mbili baadaye iliitwa Omicron, na Uholanzi ilipozirudia sampuli zake ikaikuta katika zile za tarehe 19 na 23. Ndani ya nchi moja mambo huwa hivyo hivyo, ila mkoa ambao haukuhifadhi sampuli hauna cha kurudia.

Mti wa nasaba, yaani mchoro wa kirusi kipi kimetokana na kipi, nao hauliondoi tatizo hili. Jenomu ya kirusi hiki, yaani maandishi yake yote ya kinasaba, ina takriban nukleotidi (herufi) 29,900, na ukoo mmoja hujikusanyia mabadiliko kama mawili kwa mwezi, ilhali mtu humwambukiza mwenzake ndani ya siku chache; kwa hiyo wagonjwa wanaofuatana katika mnyororo mmoja mara nyingi hubeba jenomu zinazofanana herufi kwa herufi, na mti hauwezi kusema nani alitangulia. Tuseme mji umesoma jenomu 500 na mkoa jirani 4. Programu ikitakiwa kukisia makao ya babu wa tawi, itaelemea mjini, na mshale utachorwa kutoka huko. Tunaweza kupunguza sampuli za mjini ili mizani ikaribiane, lakini 4 zitabaki 4.

Linaloniudhi kuliko yote ni herufi N. Mahali ambapo usomaji umeshindikana panapaswa kuandikwa N, na basi. Wakati wa Delta, aina iliyoenea kabla ya Omicron, baadhi ya praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoshika jenomu ili inakiliwe na kusomwa) zilizotumika sana zilishindwa kushika kwa sababu kirusi chenyewe kilikuwa kimebadilika pale zinaposhikia, na palipokuwa na mabadiliko ya G142D katika protini ya mwiba pakakosa usomaji wa kutosha. Maabara inayoziba pengo hilo kwa herufi ya jenomu rejea ya Wuhan, ile ya mwanzo tunayolinganishia nyingine, hutangaza, bila kukusudia, kwamba kirusi kimerudi kilikotoka. Sampuli zake zote zikifanyiwa hivyo, hujikusanya pamoja kwenye mti kama ukoo wa mkoa huo, nasi tunaanza kuutafutia asili ukoo ambao haupo.

Sampuli zenye Ct ya juu, yaani zilizohitaji mizunguko mingi ya kipimo cha PCR kwa kuwa zina virusi vichache, hazisomeki vizuri, kwa hiyo tunaziacha. Huo nao ni uchaguzi.

Hata pasipo makosa ya maabara, mti hunyamaza. Jamaa wa karibu wa Omicron wanaojulikana ni wa katikati ya mwaka 2020, na hatua za kati hazikuonekana. Wengine wanamtaja mgonjwa mwenye kinga dhaifu aliyeambukizwa kwa miezi mingi, wengine mnyama, wengine maeneo yasiyosomwa. Mimi naelekea kwa mgonjwa huyo, lakini siwezi kumthibitisha kwa tawi lolote nililoliona.

Katika ripoti zangu naandika “iligunduliwa”, sikubali “ilianzia”, na kando ya kila mkoa kwenye ramani naweka idadi ya jenomu zilizosomwa, hata pale idadi hiyo ni 0.