Sumu ya alumini katika udongo wenye uchachu

Sumu ya alumini ni hali ambayo alumini iliyofungamana na chembe za udongo inayeyuka na kuingia katika maji ya udongo kwa sababu ya uchachu, yaani wingi wa tindikali, kisha inaidhuru mizizi ya mimea. Neno sumu huwafanya wengi wafikirie kitu kilichomwagwa shambani kutoka nje, kama zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu au maji machafu ya kiwanda. Hapa sivyo. Alumini haikuletwa na mtu yeyote: ni elementi ya tatu kwa wingi katika gamba la dunia, baada ya oksijeni na silikoni, na ni sehemu ya mfinyanzi wenyewe ambao mkulima anaulima kila msimu. Wala si metali nzito. Ni metali nyepesi, ile ile inayotengenezewa sufuria. Kinachobadilika ni umbo lake, na kinacholibadilisha ni tindikali.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa pH, na kila namba moja inayoshuka huongeza tindikali mara kumi, kwa hiyo shamba lenye pH 4.5 lina uchachu mara kumi ya lile lenye pH 5.5, ingawa kwa anayesoma karatasi ya maabara tofauti hiyo inaonekana ndogo. Juu ya 5.5 alumini imetulia ndani ya udongo na haimdhuru mmea. Chini ya hapo huanza kuyeyuka, na ikifika chini ya 5 hutoka kwa wingi ikiwa ioni, yaani chembe yenye chaji ya umeme, na chaji zake ni tatu chanya, ambayo ndiyo hasa inayoudhuru mzizi.

Udongo wa namna hii hupatikana zaidi palipo na mvua nyingi na ardhi kongwe: Kakamega, Siaya na Uasin Gishu nchini Kenya, nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na milima inayotenganisha maji ya Kongo na ya Nili katika Rwanda na Burundi. Mvua ya maelfu ya miaka imechukua kalsiamu, magnesiamu na potasiamu, madini yanayozuia uchachu, na kuzishusha chini, na kila mavuno yanayoondoka shambani huondoka na sehemu nyingine ya hayo yaliyobaki. Mbolea nazo zinachangia. Bakteria wanapoigeuza amonia ya mbolea kuwa nitrati hutoa tindikali. Mbolea ya SA (salfeti ya amonia) huongeza uchachu kuliko nyingi nyingine, DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi na amonia) na urea nazo huongeza, ilhali CAN (mbolea ya kukuzia) huongeza kidogo tu kwa kuwa imechanganywa na chokaa.

Madhara huanzia mahali ambapo mkulima haoni, kwenye ncha ya mzizi, katika milimita chache za mwisho ambamo seli hugawanyika na kurefuka. Alumini hushika pektini, kitu kama gundi kilichomo katika kuta za seli, ikichukua nafasi ya kalsiamu, na kuta ambazo zilipaswa kunyumbuka ili seli irefuke zinakakamaa. Kwa mmea usioistahimili, mzizi huweza kusimama kukua ndani ya saa chache tu. Mizizi iliyodhurika kwa siku nyingi ni mifupi, minene, ya rangi ya kahawia, yenye matawi machache yaliyodumaa na karibu bila vinyweleo. Ung'oe mche wa mahindi taratibu, pamoja na udongo wake, uuoshe kwa maji, na mizizi hiyo itakueleza mengi kuliko majani.

Majani, kwa kweli, hupotosha. Mmea wenye mizizi mifupi hauwezi kufuata maji chini, kwa hiyo baada ya siku chache bila mvua unanyauka, na mwenye shamba analaumu ukame. Aidha, katika udongo huo alumini na chuma huishika fosforasi isichukuliwe, majani ya mahindi machanga yanakuwa ya zambarau, na ushauri anaopewa mkulima ni kuongeza mbolea ya kupandia. Akiongeza DAP anapata nafuu ya msimu, huku uchachu ukizidi mwaka hadi mwaka. Nadhani hili ndilo jambo la kusikitisha zaidi katika suala zima: mtu anatumia fedha zake kwa nia njema na kuliendeleza tatizo lenyewe.

Alumini haiko peke yake. Manganizi nayo huyeyuka katika uchachu, hasa udongo ukituamisha maji, lakini yenyewe hupanda hadi kwenye majani na kuacha madoa ya kahawia, na maharage huathirika upesi. Katika mabonde ya mpunga yaliyofurika maji, ni chuma kinachozidi na kuyafanya majani yawe na rangi ya shaba.

Mimea haifanani katika kuyakabili haya. Chai hupenda uchachu na hulimbikiza alumini katika majani yake makongwe bila kudhurika. Muhogo na mananasi huvumilia vizuri. Shayiri ni dhaifu sana. Baadhi ya aina za ngano hutoa asidi ya maliki kwenye ncha za mizizi, nayo huifunga alumini kabla haijaingia, na jeni inayoongoza kazi hiyo ilitambuliwa mwaka 2004. Baadhi ya aina za mtama hufanya vivyo hivyo kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo katika malimau.

Dawa iliyozoeleka ni chokaa ya kilimo, ambayo hupandisha pH na kuirudisha alumini katika umbo lisiloyeyuka. Samadi na mboji pia husaidia, kwa sababu mabaki yake yaliyooza huishika alumini. Chokaa hutembea polepole mno, hata hivyo: ikichanganywa kwa jembe, hutibu udongo wa juu ambao jembe limeufikia, na chini ya hapo mizizi bado inakutana na sumu ile ile. Kiasi chake nacho hakiwezi kukisiwa kwa pH peke yake. Mashamba mawili yenye pH 4.8 yanaweza kuhitaji chokaa tofauti kabisa, kwa kuwa lile lenye mfinyanzi mwingi limehifadhi tindikali na alumini nyingi kuliko lile la kichanga. Anayepeleka udongo maabara aombe apimiwe pia alumini inayobadilishika, yaani ile iliyoshikwa juu juu na chembe za udongo na inayoweza kuachiliwa, kwa sampuli ya juu na ya chini ya kina cha jembe.