Kupanga maendeleo kuanzia kijijini: maana yake nchini Tanzania

Kupanga maendeleo kwa ugatuaji ni utaratibu ambao uamuzi wa nini kijengwe, wapi, na kipi kitangulie unatoka wizarani na kukabidhiwa serikali za mitaa. Tanzania ina historia ndefu ya jambo hili, tena yenye mafunzo. Mwaka 1972 ilitangazwa sera ya Madaraka Mikoani, lakini mabaraza ya wilaya yakafutwa na waliopelekwa huko wakawa watumishi wa serikali kuu. Sheria za 1982 ndizo zilizorudisha serikali za mitaa, nazo leo zinatambuliwa na ibara ya 145 na 146 za Katiba.

Kwa utaratibu uliopo, mpango huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Wakitumia mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wananchi huorodhesha kwanza walichonacho: ardhi, mawe, mchanga, mafundi, nguvu kazi. Shida na vipaumbele vinafuata. Kutoka hapo mpango hupitia kamati ya maendeleo ya kata, wataalamu wa halmashauri, kisha baraza la madiwani.

Kinachokwamisha ni fedha. Serikali kuu huiwekea halmashauri ukomo wa bajeti, na ruzuku nyingi hufika zikiwa zimeshapangiwa kazi. Mapato ya ndani, kama ushuru wa mazao na ada za masoko, ndiyo yanayoiachia halmashauri nafasi ya kuamua, na hata hapo sheria inataka asilimia 10 iende kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Matokeo yake ni yale maboma tunayoyaona vijijini: wananchi wamefyatua tofali na kuinua kuta za zahanati hadi kwenye lenta, halafu wanasubiri bati kutoka halmashauri, msimu wa mvua baada ya mwingine. Walishirikishwa kubeba mawe. Kwenye kugawa fedha hawakuwepo.

Kwa hiyo mimi sipimi ugatuaji kwa wingi wa mikutano. Napima kwa sehemu ya bajeti ambayo madiwani wanaweza kuihamisha kutoka mradi mmoja kwenda mwingine bila kuomba kibali juu, na kwa mtendaji wa kijiji anayesoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu kila robo mwaka, wananchi wakauliza, akajibu.