Hanukat habayit: Wayahudi wanavyobariki nyumba ya kuwahifadhi wasio na makazi

Hanukat habayit ni Kiebrania, maana yake kuzindua nyumba kwa ibada. Maneno hayo yamo katika kichwa cha Zaburi ya 30, ambayo husomwa siku hiyo. Kumbukumbu la Torati 20:5 linalipa tendo hili uzito mkubwa kiasi cha kumrudisha kwake askari aliyejenga nyumba mpya na hajaizindua. Jumuiya ya Kiyahudi inapofungua nyumba ya kuwalaza wakimbizi, maskini wa njiani au wanawake waliokimbia kipigo, hufanya uzinduzi huohuo. Hakuna maji ya baraka wala mafuta, na kuhani hahitajiki.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu maneno matatu ya msingi anayo tayari. Yamemfikia kupitia Kiarabu, ndugu wa Kiebrania. Rahamim ni rehema, na mzizi wake ni ule wa rehem, tumbo la uzazi: ni huruma ya mama kwa aliyembeba. Berakha ni baraka. Tsedaka ni sadaka, ila hapa tusijidanganye kwa kufanana kwa sauti. Kwetu anayetoa sadaka ametoa kwa moyo wake, na tunamsifu. Tsedaka inatokana na tsedek, haki. Ni wajibu, na zamani baraza la mji liliweza kumlazimisha tajiri atoe fungu lake. Kwa hiyo anayelala katika nyumba hiyo anapokea kinachomstahili.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: Wayahudi wana baraka ya kuosha mikono, ya kuwasha taa za Sabato, ya kula tunda jipya, lakini hawana baraka ya kutoa tsedaka. Rabi Shlomo ben Aderet wa Barcelona, wa karne ya 13, alieleza sababu. Baraka haisomwi kwa amri inayotegemea ridhaa ya mtu mwingine, maana maskini anaweza kukataa, na jina la Mungu likawa limetajwa bure. Ndiyo maana siku ya uzinduzi baraka hutua mlangoni. Hazitamkwi juu ya wageni wala juu ya wema wa wafadhili, na binafsi naona hapo pana heshima kubwa kwa mpokeaji.

Basi mlango wenyewe. Mezuza ni kipande cha ngozi ya mnyama halali, kilichoandikwa kwa mkono Kumbukumbu 6:4–9 na 11:13–21, mistari 22, herufi 713. Ikipungua herufi moja, au mbili zikigusana, haifai. Ngozi hukunjwa kuanzia mwisho wa mistari kuelekea mwanzo, ikatiwa ndani ya kijaluba. Kosa la kawaida, hasa kwenye majengo ya michango, ni kununua vijaluba vizuri vyenye karatasi iliyochapwa ndani. Hiyo si mezuza, ni pambo.

Hukitwa kwenye mwimo wa kulia kwa anayeingia, mwanzoni mwa theluthi ya juu ya mlango, ndani ya upana wa kiganja kutoka ukingo wa nje. Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huilaza kidogo, sehemu ya juu ikielekea chumbani. Wasefaradi wengi, wenye asili ya Hispania na Ureno, huisimamisha wima. Msomaji anaishika pale mahali pake na kusema: “Umebarikiwa, Ee Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyetutakasa kwa amri zako na kutuamuru kukita mezuza.” Ndipo anapigilia, juu na chini. Baraka moja yatosha kwa milango yote, mradi asikatize kwa mazungumzo. Hotuba ya mgeni rasmi ikiingizwa kati ya mlango wa tatu na wa nne, imeharibu mpango. Choo na bafu havitiwi mezuza.

Tarehe nayo ina shida yake. Wajibu wa mezuza ni wa anayekaa, si wa jengo. Kubariki jengo tupu mwezi mzima kabla ya mtu kulala humo ni kusoma baraka kabla ya wakati wake, kwa hiyo ngoja vitanda vipate watu. Tena, nje ya nchi ya Israeli mpangaji ana siku 30 kabla ya kubanwa na wajibu, na katika nyumba ya wapitaji hilo huzua mashaka. Penye mashaka, mezuza hukitwa bila baraka. Wenye nyumba wakiwa wengi, kama ilivyo kwa jumuiya, huongeza hatov vehametiv, shukrani kwa Mungu aliye mwema na mtenda mema. Na kama paa ni bapa na watu hupanda huko, Kumbukumbu 22:8 inadai ukingo. Usipungue viganja kumi, karibu sentimita 80 au zaidi, kwa sababu damu ya atakayeanguka iko juu ya mwenye nyumba.

Baada ya dua, nyumba ina kiwango chake cha kutimiza. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sehemu yake iitwayo Pea, 8:7, inataka maskini msafiri apewe angalau mkate wa kutosha kama milo miwili. Akilala, apewe mahitaji ya kulala, yaani kitanda na mto. Akikaa Sabato, milo mitatu. Aombaye chakula hachunguzwi kwanza. Jumuiya za Ulaya ziliita nyumba hizi hekdesh, kitu kilichowekwa wakfu. Nyingi zilikosa fedha na usafi, wagonjwa wakachanganywa na wazima chumba kimoja, hadi katika Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, neno hilo takatifu likaja kumaanisha mahali pachafu palipovurugika.

Fedha za mfuko wa jumuiya, kupa, zilikuwa na kanuni: wakusanyaji wawili, wagawaji watatu. Watatu kwa sababu kumkadiria maskini fungu lake kulihesabiwa kuwa kesi ya mali, na kesi ya mali huamuliwa na mahakimu watatu.